Mwanamke wa Kwenye Mkanda Amenyamaza

"Dada, usikanyage! Utamkanyaga stelingi!"

Koleta aliganda hapo hapo, mguu mmoja hewani, kifurushi cha nyuzi kwapani. Ilikuwa saa nne asubuhi pale stendi ya Same. Mabasi ya Dar na ya Arusha yamekutana, wauza mayai na wauza vitunguu wanagombea madirisha, na upepo wa Same, wanaoujua wanaujua, unapiga vumbi kama umetumwa. Chini, kati ya viatu vya watu, utepe mweusi mwembamba ulikuwa unakimbia. Ulizunguka tairi la basi, ukapita chini ya meza ya muuza karanga, ukaja kujizonga kwenye kifundo cha mguu wake. Nyuma ya utepe alikuja kijana mrefu, mwembamba, shati la mtumba lenye maua makubwa ya njano, suruali imemzidi kiuno kaifunga kwa tai. Mkononi alikuwa na kasha la mkanda wa video lililopasuka.

"Stelingi yupi?" Koleta aliuliza.

"Huyo aliyekuzonga mguuni. Kondakta katupa boksi toka juu ya basi kama anatupa gunia la mkaa. Sasa picha nzima ipo kwako hapo. Harusi, mapigano, na mama mzazi kufariki."

"Pole sana. Na huyo mama anafariki kwenye kifundo au kwenye kisigino?"

Kijana alimtazama vizuri. Aliona msichana mweusi, mfupi, kitambaa cha kijani kichwani, gauni la kitenge lililokaa mwilini kama limezaliwa naye, na futi ya fundi shingoni. Akasahau utepe, upepo ukauongeza mita nyingine mbili.

"Usivute!" Koleta alimkaripia. "Uzi ukiuvuta kwa hasira unafunga mafundo. Kaa hapo, shika ncha, tulia."

Aliukusanya utepe ule kwa vidole kuanzia stendi hadi kwenye baraza la duka la Mzee Kassimu, mahali alipoweka cherehani chake. Akauzungusha kwa kalamu ya risasi polepole, akakata palipokunjika, akaunga kwa gundi ya karatasi. Kijana alikaa kwenye kibao cha wateja muda wote huo, hana la kufanya ila kumwangalia.

"Nimekata urefu wa mkono mmoja," Koleta alisema akimkabidhi. "Mama wa watu atakuwa amekufa bila kuugua."

"Nitawaambia watu aliugua. Mimi ndiye mtafsiri. Majaliwa, wa banda la video la Rodgers. Njoo Jumamosi saa tisa mchana, bure kabisa, uone ulichokishona."

Basi Jumamosi Koleta akaenda. Banda la Rodgers lilikuwa nyuma ya stendi, mabati juu mabati pembeni, madirisha yamezibwa kwa maboksi. Ndani kulikuwa na televisheni moja, deki moja, mabenchi, na joto la kuivisha mandazi. Miaka ile ya biashara huria kila kitu kilikuwa kimefunguliwa. Mitumba imeingia, maduka yamejaa vitu, na watu wenye pesa za kuvinunua wakawa wachache. Lakini kwa mkanda wa Kihindi watu walikuja. Majaliwa alikaa pembeni ya televisheni na kipaza sauti, akapunguza sauti ya deki, akamsemea kila mtu. Alikuwa stelingi, alikuwa adui, alikuwa baba mkwe, na mbwa alipobweka alimtafsiri naye.

Walipotoka nje, macho yakiuma kwa jua, Majaliwa alimuuliza, "Umeionaje?"

"Mapigano mazuri. Nyimbo ndefu mno, mpaka nikauonea huruma mti wanaouzunguka. Ila yule mama mkwe umemsingizia."

"Nimemsingizia nini?"

"Umemfanya aseme, 'Karibu mwanangu, hapa ni kwako.' Anayesema karibu hashiki mlango namna ile, Majaliwa. Yule alisema, 'Vua viatu huko huko nje.'"

Majaliwa alicheka hadi akashika nguzo. Kisha akainama sikioni kwake. "Nikupe siri? Kihindi sijui hata neno."

"Hilo nililiona tangu dakika ya tatu."

Akamweleza. Alizaliwa kwenye kambi ya shamba la mkonge, baba yake alitoka Kigoma kuja kukata mkonge, na jirani zao walikuwa watu wa kila kabila. Ukiwa mtoto kule unajifunza kusoma sura ya mtu kabla hujaelewa lugha yake, maana ukikosea unachapwa. Shamba lilipouzwa, wafanyakazi wakapunguzwa, baba akaenda kijiji cha Kisiwani kufuga mbuzi, na yeye akaja mjini na kipaji hicho kimoja. Alieleza yote hayo akitabasamu. Koleta ndiye aliyeona kwamba vidole vyake vinaisokota tai ile ya kiunoni.

Hivyo ndivyo mapenzi yao yalivyoanza, kwa kubishana juu ya picha. Mkanda mpya ulikuja kila Alhamisi kutoka Moshi, nao wawili waliuangalia asubuhi banda likiwa tupu, Koleta na chupa ya chai ya tangawizi, Majaliwa na daftari. Wanaume aliwasemea mwenyewe. Ikifika zamu ya mwanamke alisimamisha deki akamgeukia Koleta.

"Huyu ungekuwa wewe, ungesema nini?"

"Ningesema, 'Umerudi na maua, unga uko wapi?'"

Majaliwa akaandika. Jumamosi banda likalipuka kwa kicheko. Mama ntilie wa stendi wakaanza kuja, kisha walimu wa kike, kisha wake za watu wakiwa na waume zao. Walisema mikanda ya siku hizi wanawake wake wana akili. Hakuna aliyejua akili hizo zinatoka kwenye baraza la Mzee Kassimu.

Mzee Kassimu alikuwa na televisheni yake dukani, ndogo, ikikamata stesheni ya Kenya kwa msaada wa antena juu ya mti mrefu na dua. Picha ilijaa chenga, lakini kila Jumatatu aliangalia mchezo wa daktari mmoja aliyependwa na manesi watatu.

"Miezi minne sasa," alilalamika, "yule daktari hajatibu mtu! Wagonjwa wamelala tu nyuma yake wanasikiliza mapenzi!"

"Mzee, wale wagonjwa ndio sisi," Koleta alimjibu bila kuinua macho kwenye pindo la suruali.

Na duka lilikuwa na simu. Majaliwa alikuwa akienda kwenye kibanda cha simu mbele ya posta, hatua mia kutoka barazani, anatumbukiza sarafu, anapiga.

"Haloo, naomba kuongea na Koleta."

"Majaliwa, nakuona hapo ulipo," Mzee Kassimu alimwambia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Si uvuke tu barabara, mwanangu?"

"Ya kwenye simu ni tofauti, mzee."

Koleta alichukua simu akageukia ukuta. "Unasemaje wewe?"

"Nasema hilo gauni la bluu ulilovaa leo linanitia umaskini. Nimeshindwa kula."

"Kula, mpenzi. Kiuno chenyewe ni cha kufunga na tai."

"Nikinenepa utanipanulia suruali?"

"Ukinenepa nitafurahi. Haya kata, sarafu zako zinaisha."

"Nyie Wapare bwana! Hata sarafu za mtu mwingine zinawauma!"

Alirudi kwenye cherehani akitabasamu peke yake, akashona mfuko wa suruali ya mteja ukafunga mdomo. Alikuwa na raha, na raha ile ilimwogopesha kidogo, kwa sababu aliijua. Alishawahi kuwa nayo.

Alhamisi moja ya mwezi wa tatu umeme ulikatika katikati ya mkanda. Kwenye kioo, kabla hakijazimika, bibi harusi alikuwa amesimama mlangoni peke yake. Mvua ilianza kupiga mabati. Majaliwa, daftari gotini, akauliza kama alivyozoea, "Huyu ungekuwa wewe, ungesema nini?"

Koleta alifunga chupa ya chai. Kisha akasema, "Mimi nilikuwa huyo."

Akamsimulia. Nyumbani Myamba, miaka mitatu nyuma, ndoa yake ilitangazwa kanisani Jumapili ya kwanza na ya pili. Jumapili ya tatu mchumba alikuwa ameshaondoka, amekwenda Mererani kuchimba mawe, hakuaga, na hakurudi. Gauni alilishona mwenyewe, kola ya lesi, vifungo ishirini mgongoni.

"Nililikunja nikaliweka chini ya godoro," alisema. "Nikalala juu yake kila siku, ili akirudi asilikute na mikunjo. Mwaka mzima, Majaliwa. Halafu nikashuka Same na gauni langu, na bado lipo chini ya godoro. Sijamwambia mtu. Shangazi tu ndiye aliyenikuta siku moja natandika."

Majaliwa alifunga daftari. Alimshika mkono, na machozi yalimtoka waziwazi bila kuyaficha. Koleta aliliona daftari lile limefungwa. Alitoka pale mwepesi, mvua ikimnyeshea hadi barazani.

Jumamosi banda lilifurika. Shangazi Eliakunda alikuwa ameshuka kutoka Myamba na magunia ya tangawizi, na Koleta akamkaribisha aje kuona. Walikaa benchi la tatu. Kwenye kioo bibi harusi akatokea mlangoni. Majaliwa akavuta pumzi kwenye kipaza sauti, akasema kwa sauti ya taratibu, nzuri kuliko siku zote:

"Gauni nitalikunja niliweke chini ya godoro. Nitalala juu yake kila siku, ili akirudi asilikute na mikunjo."

Mama ntilie mmoja akaanza kulia, akafuata mwingine. Na Shangazi Eliakunda, ambaye hajawahi kunong'ona maishani mwake, akageuka: "Heh! Koleta! Si lako hilo gauni?"

Vichwa viligeuka benchi moja baada ya jingine. Koleta alisimama, akapita kwenye magoti ya watu, akatoka. Alihisi amevuliwa nguo.

Majaliwa alimkuta barazani picha ilipokwisha, jasho linamtoka, uso umejaa furaha. "Umewaona walivyolia? Hata Rodgers kalia! Mpenzi, kwa nini umetoka?"

"Umeniuza."

"Nimekuuza?" Furaha ilimwisha usoni. "Koleta, mimi nimekupa heshima! Maneno yako si ndiyo yanasemwa pale miezi yote hii? Sijawahi kusikia sentensi nzuri kama ile."

"Daftari ulilifunga. Nilikuona unalifunga."

"Sikuhitaji kuandika. Nisingeweza kulisahau."

"Mimi nilifikiri limefungwa kwa ajili yangu." Aliivua futi shingoni akaikunja. "Zile nyingine nilikuwa nakupa za watu wa kwenye picha. Ile ilikuwa yangu. Nenda, Majaliwa. Usinifanye nilie mbele ya duka la mtu."

Kuanzia siku hiyo simu ya Mzee Kassimu haikupumzika.

"Koleta, simu."

"Mwambie sipo."

"Anasema hayupo," Mzee Kassimu alisema kwenye simu. Akasikiliza. "Anasema anakuona."

"Mwambie afumbe macho."

"Anasema ufumbe macho." Akasikiliza tena, akashusha simu. "Amefumba. Jamani, mtoto wa watu amefumba macho kwenye kibanda, kuna foleni nyuma yake."

Koleta alikanyaga cherehani kwa nguvu asisikie. Haikusaidia. Alimpenda bado, hilo ndilo lililomuuma kuliko yote. Kila alipokwenda kisimani au sokoni kuna mwanamke aliyemtazama kwa huruma, na huruma ile ilimchosha. Akaamua. Akamwambia shangazi yake, aliyekuwa ameshuka tena na tangawizi, kwamba Jumamosi, gari la tangawizi likirudi mlimani saa kumi, yeye na cherehani chake wamo. Atashonea sare za shule huko huko Myamba, Same basi.

Jumamosi ikafika. Cherehani kikapandishwa kwenye gari na kufungwa kwa kamba, godoro likakunjwa juu yake, gauni katikati. Mzee Kassimu alitoka dukani akijifuta mikono.

"Mwanangu, kabla hujaondoka. Umesikia habari za banda?"

"Sitaki habari za banda, mzee."

"Mwanamke amenyamaza. Wiki ya pili hii. Stelingi anaongea, adui anaongea, mbwa anabweka. Mwanamke akifungua mdomo, Majaliwa anaweka kipaza sauti chini. Watu wanapiga mabati. Rodgers kasema leo ni mara ya mwisho, akinyamaza tena, Jumatatu anamleta mtafsiri kutoka Moshi."

Koleta alitazama barabara. Gari lilikuwa bado linapakia mafuta ya taa na sabuni. "Kwa nini ananyamaza?"

"Kamuulize. Mimi ni mtu wa simu tu."

Alikwenda, huku akijiambia anakwenda kuchungulia. Alisimama mlangoni mwa banda, kanga begani, kiatu kimoja ndani kimoja nje. Kwenye kioo mwanamke mwenye sari nyekundu alikuwa anasema, anasema kwa uchungu, mkono kifuani. Majaliwa alikaa kichwa chini. Alikuwa amekonda, shati lile la maua limemning'inia.

"Tafsiri wewe!" mtu alipiga kelele.

"Majaliwa!" Rodgers aliita kutoka nyuma. "Ongea au toka!"

Majaliwa alishika kipaza sauti. "Jamani. Niwaambie ukweli. Mimi Kihindi sikijui."

"Tunajua!" banda zima likamjibu. "Sema hivyo hivyo!"

Walicheka, yeye hakucheka. "Ya wanaume nilikuwa natunga. Ya wanawake kuna mtu alikuwa ananipa. Mlivyokuwa mnacheka, mlikuwa mnamcheka yeye, mlivyokuwa mnasema huyu mwanamke ana akili, ilikuwa akili yake. Siku moja nikachukua neno ambalo hakunipa. Nikalisema hapa. Sikuuliza. Tangu hapo huyu mwanamke hana sauti, na mimi sitamwekea nyingine. Rodgers, kama ni kunifukuza, nifukuze."

Hakuna aliyepiga bati. Kwenye kioo mvua ilikuwa imeanza, maana kwenye mikanda ile mvua haikosi, na stelingi akapiga magoti kwenye tope. Majaliwa aliitazama sura ile kwa muda, akaanza kutafsiri taratibu.

"Stelingi anasema: nisamehe. Mimi nilikulia mahali ambapo maneno ya mtu yalipita ukutani, kila mtu aliyasikia. Nilidhani neno likiwa zuri ni la watu wote. Sikujua kuna neno ambalo mtu hupewa alitunze peke yake. Hakuna aliyewahi kunipa la kwangu peke yangu."

Mwanamke wa sari alifungua mdomo. Majaliwa akashusha kipaza sauti. Mara ikasikika sauti kutoka mlangoni.

"Mwanamke anasema: ungeuliza tu."

Mabenchi yaligeuka kwa pamoja. Koleta aliwaona wote, na safari hii alibaki pale pale.

"Anasema, ungemwambia, 'Hili niliseme?' Angekujibu. Pengine angekubali. Lakini hukuuliza."

Majaliwa aliinua kipaza sauti. "Stelingi anasema: kuanzia leo atauliza. Hata akitaka kukohoa atauliza."

"Mwanamke anasema aliaibika. Watu walimtazama sokoni kama mgonjwa."

"Stelingi anasema aibu hiyo ni yake yeye, na amekuja kuibeba mbele ya watu wale wale."

"Mwanamke anasema kesi hii haijaisha."

"Mpare huyo, kesi ndiyo chakula chao!" mtu alidakia, na vicheko vikapasuka.

"Stelingi yuko tayari hata kwa rufaa," Majaliwa alisema. Kisha sauti ikamshuka, akasimama, akamtazama Koleta badala ya kioo. "Na anaomba kuuliza. Kama hataki asijibu, yeye ataelewa. Anauliza, je, mwanamke huyu atakubali kuolewa naye?"

Hapo ndipo mkanda ulipowaangusha. Kwenye kioo mwanamke wa sari alimpa stelingi mgongo, akakimbia kwenye mvua, akapotea nyuma ya nyumba. Banda likaguna. "Aah! Amekataa! Mbona anaondoka?" Majaliwa aliteremsha kipaza sauti polepole, akakaa chini.

"Tulieni nyie," Koleta alisema. Sasa machozi yalikuwa yanamtoka na hakujishughulisha kuyafuta. "Hajakataa. Anakwenda kulitoa gauni chini ya godoro. Kiuno tu ndicho kitafumuliwa kidogo, maana nimenenepa."

Ilichukua watu muda kulisikia neno lile la mwisho, kwamba amesema 'nimenenepa', si 'amenenepa'. Majaliwa alilisikia kwanza. Aliruka benchi la mbele, akaruka la pili, waya wa kipaza sauti ukamfuata ukaing'oa deki, kioo kikajaa chenga, na hakuna hata mmoja aliyedai kuona mwisho wa picha.

Nje, honi ya gari la tangawizi ilikuwa inalia. Shangazi Eliakunda alikuwa amekuja kumwita, akafika mlangoni akayasikia yote, akawaona wawili wale wameshikana katikati ya vigelegele vya mama ntilie. Alijifunga kanga vizuri kiunoni, akageuka kumwelekea dereva.

"Zima gari!" alipaza sauti, nayo ilifika mpaka posta. "Kishushe hicho cherehani, ana gauni la kufumua!"